Mradi Asilale Mtu Ndani

Mkaguzi wa halmashauri alifika Jumanne asubuhi, Winnie Mongan akiwa anaanika nguo. Winnie alimwona kabla hajashuka garini na akajua amefuata nini. Wageni wote waliokuja pale kwanza waliutazama mlango wa nyumba. Huyu alikuwa anaitazama trela.

Ilikuwa trela nyeupe ya kukokotwa na gari, ndefu, yenye madirisha mapana na mikanda ya chuma inayong'aa, imeegeshwa kwenye kokoto kando ya nyumba. Humo aliishi Nonie Cawley, mama yake Winnie. Nonie alizaliwa katika mkokoteni wa farasi kando ya barabara, na kwa miaka yake themanini na kitu hakuwahi kulala ndani ya ukuta wa saruji, ukiacha hospitalini alipojifungua.

"Bi Mongan?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Gráinne Tully, natoka ofisi ya mipango. Tumepata lalamiko."

"Limetoka pale," Winnie alisema, akinyoosha kibanio cha nguo kuelekea nyumba ya ng'ambo ya barabara. Pazia la mzee Hession lilitikisika kidogo, kisha likatulia.

"Siruhusiwi kusema limetoka wapi."

"Hujasema. Nimesema mimi."

Winnie hakuwa mtu wa kutishwa na ofisi. Alikuwa na diploma ya afya ya jamii, imetundikwa sebuleni juu ya televisheni, ya kwanza katika ukoo wa akina Cawley tangu ukoo huo uanze kuzunguka Ireland na farasi wake. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wa barabara, jamii ya wahamaji wa Ireland, watu wake mwenyewe, kupata madaktari, shule na haki zao. Barua za serikali alizisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Sheria ya trela aliijua kabla mkaguzi hajafungua mkoba.

Bi Tully aliieleza hata hivyo, kwa adabu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka trela moja ndani ya uzio wake, kwa muda usiozidi miezi tisa katika mwaka. Isitumike kwa biashara, isiwekwe tangazo, isigeuzwe ghala. "Na mradi asilale mtu ndani," alimalizia.

Dirisha la trela lilifunguka. Nonie alichungulia, kitambaa kichwani, kikombe cha chai mkononi.

"Hebu rudia, binti. Trela ina ruhusa ya kukaa?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu ndio hana ruhusa?"

"Kulala, mama. Kukaa mchana hakuna neno."

"Kwa hiyo naweza kufuga trela yenyewe kama ng'ombe. Nailisha, naisafisha, jioni naiaga." Akanywa chai. "Sheria yenu imetungwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na usingizi."

Bi Tully alicheka, kisha akajuta kucheka. Alikuwa bado kijana, na viatu vyake vilikuwa vimeingia tope. Alimwambia Winnie kwamba anaweza kuomba kibali maalumu kwa sababu ya uzee na ugonjwa, na kwamba watu hupata. Ila ombi likiwa linaangaliwa, asilale mtu mle. "Nikija nikakuta kitanda kina joto, itabidi niandike. Nikishaandika, ombi halina nguvu tena."

"Atahamia ndani leo," Winnie alisema. Alilisema hilo bila kugeuka kumtazama mama yake.

Mchana huo Bernard, mumewe Winnie, alisogeza meza ya kushonea kutoka chumba cha nyuma na kuingiza kitanda. Bernard alikuwa mtu mkubwa mwenye maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache hakuyatumia. Nonie alisimama mlangoni akiangalia dari.

"Mimi si mtoto mdogo, Winnie. Moyo wangu umechoka, daktari kasema, na mimi nilijua kabla yake. Sikatai kufa. Ila nitoe humu nisije nikafia ndani."

"Hakuna anayekufa. Ni wiki chache tu."

"Nisikilize kwanza, we mtoto, halafu utaniletea diploma yako. Nikifia kwenye trela, mtaichoma na vitu vyangu, kama nilivyomchomea baba yako, na mambo yataisha. Hakuna atakayebaki anasikia nyayo zangu. Nikifia humu," alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, "mtachoma nini?"

"Mama, mambo hayo."

"Yapi?"

"Ya zamani."

"Na mimi ni wa zamani," Nonie alisema, na akaketi kwenye kitanda kipya kama mtu anayesubiri basi.

Winnie hakumchukia mama yake kwa maneno hayo, wala hakuyadharau kama alivyojifanya. Lakini alikumbuka mambo mengine ya zamani. Alikumbuka akiwa na miaka saba, polisi wakigonga bati alfajiri, na trekta la halmashauri likiikokota trela yao kutoka ukingo wa barabara na sahani za kaure za mama yake bado zikiwa kabatini. Zilipasuka moja moja kila gurudumu lilipogonga shimo. Mama yake alitembea nyuma ya trekta akisikiliza. Siku hiyo Winnie alijiapia kwamba watoto wake hawatahamishwa na mtu yeyote, na kwamba dawa ya mambo haya ni kuwa upande wa sheria mpaka sheria yenyewe ichoke. Akasoma. Akanunua nyumba, yeye na Bernard, katika mtaa ambao majirani walikusanya saini wasije. Tangu waingie, hakuwahi kuegesha gari pasipotakiwa, wala kutoa pipa la taka siku isiyo yake.

Kwa hiyo alifuata utaratibu. Asubuhi Nonie alivuka kokoto kwenda "kuitembelea" trela yake, akawasha jiko, akafuta kaure zake, akapokea wageni wake. Saa kumi na mbili jioni Winnie alimfuata.

"Muda umeisha, Mama."

"Naja, askari jela. Acha nimalizie rozari."

"Utaimalizia ndani."

"Ndani haipandi. Inagonga dari inarudi."

Usiku alilala na dirisha wazi, ingawa ilikuwa Novemba, na asubuhi blanketi lilikuwa na unyevu. Rosaleen, binti mkubwa wa Winnie, alimwongezea bibi yake soksi na chupa ya maji ya moto. Ofisi ya mipango iliomba maelezo zaidi, na Winnie akayapeleka. Waliomba cheti cha daktari, akakipeleka. Wakaomba mchoro wa bomba la maji machafu, na Winnie akauchora mwenyewe kwa rula, ukawa safi kuliko wa fundi. Alikuwa na uhakika. Kila karatasi aliyoipeleka ilimpa uhakika zaidi.

Kisha miguu ya Nonie ikavimba, na hakuweza tena kuvuka kokoto. Winnie aligeuza kitanda kielekee dirishani ili mama yake aione trela. Hapo Nonie aliacha mzaha, na ndipo Winnie alipoanza kuogopa.

Siku ya Alhamisi muuguzi wa wagonjwa mahututi alikuja, akampima Nonie, akamvuta Winnie jikoni. Alikuwa mwanamke wa moja kwa moja, kama Winnie mwenyewe.

"Ni siku tu sasa. Kama kuna wa kuitwa, waite."

Winnie alimpigia simu kaka yake Dinny, naye alifika kabla chai haijapoa, pamoja na wanawe wawili. Dinny bado aliishi kwenye trela, katika kituo cha watu wa barabara nje ya mji mwingine. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akatoka, akafunga mlango, akamfuata Winnie jikoni.

"Haya. Shuka na mito. Sisi watatu tunambeba, Bernard anashika mlango. Dakika moja yuko kwake."

"Jumatatu," Winnie alisema.

"Jumatatu nini?"

"Jumatatu mkaguzi anakuja kuangalia mahali kwa mara ya mwisho. Ameniambia mwenyewe, akikuta kila kitu sawa, anapeleka ombi lipitishwe. Kutoka hapo Mama anarudi kwake kwa haki, na hakuna wa kumgusa. Tukimtoa leo, yule wa ng'ambo anapiga simu, tunapoteza yote."

"Winnie. Mama anakufa."

"Siku nne, Dinny. Muuguzi hakusema leo."

"Hakusema Jumatatu pia."

"Na wakija kumtoa? Unataka afe akiwa anabebwa kurudishwa ndani, majirani wanaangalia? Hayo nimeyaona. Na wewe umeyaona."

Dinny alimtazama dada yake. Alikuwa na uso wa mama yao, pua ileile.

"Sisi walitufukuza kwa trekta," alisema. "Wewe hawakuhitaji trekta. Wamekupa karatasi, unamzuia mwenyewe."

"Toka jikoni kwangu."

"Natoka. Lakini sitamgusa bila neno lako. Ni nyumba yako, na wewe ndiye uliyemtunza. Sema neno moja tu, nimnyanyue."

Winnie aliosha vikombe. Dinny alisubiri mpaka kikombe cha mwisho, kisha akaenda kukaa na mama yake.

Jumamosi Winnie aliingia kwenye trela, akatandika kitanda kwa shuka mpya zenye ua la bluu, akafuta vumbi kwenye sanamu ya Bikira Maria, akawasha jiko ili pakauke. Alipanga vikombe. Aliuacha moto ukiwaka taratibu, na Jumapili asubuhi, baada ya misa, akaongeza kuni. Alitaka Jumatatu mchana pawe na joto.

Viazi vilikuwa jikoni vinachemka, na kabichi, na nyama ya nguruwe ya chumvi, kwa kuwa nyumba ilikuwa na watu na watu lazima wale. Rosaleen alikuja mlangoni. Aliashiria chumba cha nyuma kwa kichwa. Winnie aliacha kijiko ndani ya sufuria.

Nonie alikuwa macho, amegeukia dirisha. Dinny alikuwa amemshika mkono mmoja. Pumzi ilikuja, ikakaa mbali, ikaja tena.

"Naona moshi," Nonie alisema.

"Nimewasha jiko, Mama."

"Kule kwangu?"

"Kule kwako."

"Nani yumo?"

"Hamna mtu, Mama. Inakungoja wewe."

Nonie alifikiri juu ya hilo. Midomo yake ilisogea kama mtu anayetaka kusema jambo la kuchekesha, halafu akaliacha. Winnie alimgeukia Dinny, akafungua kinywa kusema lile neno moja. Dinny alikuwa ameshainuka, mikono yake tayari chini ya mgongo wa mama yake, akasimama hivyo hivyo, ameinama, kisha akaitoa mikono polepole na kupiga magoti.

Viazi viliungua. Harufu ilikaa nyumbani siku nyingi.

Jumatatu Bi Tully alifika na kukuta ua umejaa magari na barabara yote imejaa watu wa barabara, wanaume wenye suti nyeusi, wanawake wakitoka na kuingia na sinia za mikate. Aliketi garini kidogo. Mzee Hession alikuwa amesimama getini na ndoo ya viazi vilivyooshwa, hajui ampe nani. Bi Tully aliposhuka walitazamana, kila mmoja akiona aibu ya mwenzake, wakaingia pamoja.

"Mimi niliuliza tu kama inaruhusiwa," Hession alimwambia Winnie. "Nilipiga simu kuuliza tu."

"Umejibiwa," Winnie alisema. "Viazi weka jikoni. Asante."

Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Bi Mongan, pole sana. Sikujua. Nitakuja siku nyingine."

"Umekuja kukagua. Njoo ukague."

"Hakuna haja, kwa kweli."

"Ipo."

Alimtangulia juu ya kokoto, akafungua mlango wa trela. Jiko lilikuwa limezimika. Vikombe vilikuwa vimepangwa, shuka zenye ua la bluu hazina mkunjo hata mmoja.

"Gusa kitanda."

"Bi Mongan—"

"Ulisema ukikuta kina joto utaandika. Gusa."

Bi Tully alitoa mkono, akaulaza juu ya shuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kina baridi," alisema.

"Basi andika."

Baada ya mazishi Dinny alirudi na gari lenye ndoano ya kukokotea trela, na wanawe na mitungi ya mafuta. Kuna shamba la binamu yao nyuma ya msitu ambako jambo hilo lingefanyika bila kelele. Winnie alitoka akasimama mbele ya trela.

"Hakufia humu," alisema.

"Vitu vyake vimo."

"Vitu chukua. Kwenye trela hakufia."

Dinny alivua kofia, akakuna kichwa. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomuumiza Winnie zaidi.

"Basi tuchome nini, dada? Nyumba?"

Bernard aliangalia chini. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi, kama walivyoliacha ili roho ipite, na pazia lilikuwa linatoka nje na kurudi ndani.

Walitoa nguo za Nonie, godoro alilolalia na blanketi zake, wakavichomea nyuma ya nyumba. Kaure walizipasua kwa nyundo, Dinny na wanawe, taratibu, kama kazi ya kawaida. Winnie aliwahi kusikia mlio huo. Moshi ulipanda ukavuka barabara, mweusi wa godoro, kinyume cha kanuni zote za halmashauri, na kwa Hession hakuna pazia lililotikisika wala simu iliyopigwa.

Watoto walikataa kupita kwenye korido ya chumba cha nyuma. Bernard, mtu mzima, alikuwa analala kwenye kiti jikoni na taa imewashwa. Winnie alimwambia kwamba ni huzuni tu, kwamba amefundisha semina juu ya jambo hilihili, na Bernard akasema ndiyo, mke wangu, halafu akawafungashia watoto na kuwapeleka kwa dada yake. "Njoo," alimwambia. "Nyumba tutaiuza. Watu wa majumba hawajali, wao hufia ndani kila siku na kesho yake wanapika."

Winnie alibaki. Alikuwa na kazi mjini, alisema, na mtu lazima apokee barua. Alijaribu kulala chumbani kwake. Hakusikia nyayo. Alikuwa tayari kwa nyayo. Kilichomkosesha usingizi ni harufu ya viazi vilivyoungua, ambayo alijua kwa hakika imeshaondoka, maana alisugua ukuta kwa mikono yake.

Akahamia kwenye trela. Alilala juu ya zile shuka zenye ua la bluu alizomtandikia mama yake.

Bi Tully alikuja mara ya mwisho mwishoni mwa Januari. Angeweza kutuma kwa posta. Aligonga mlango wa nyumba, akangoja, akagonga tena, kisha akaona moshi unatoka kwenye bomba la trela. Winnie alifungua dirisha, nywele hazijachanwa, amejifunga shali.

"Kibali kimetoka," Bi Tully alisema. "Niliandika nilichokikuta tu, kama ulivyosema, wakakipitisha kabla hawajapata taarifa rasmi ya msiba. Sikutaka ukipate kwa posta."

"Kinasemaje?"

"Kwamba Bi Nonie Cawley anaruhusiwa kulala kwenye trela maisha yake yote." Akaendelea kwa sababu kazi yake ilikuwa kuendelea. "Na kwamba siku akiwa haihitaji tena, iondolewe."

Winnie alikipokea kupitia dirishani. Hakukisoma. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali maishani mwake ambayo hakuisoma.

"Bi Mongan," mkaguzi alisema kwa upole, "samahani, nalazimika kuuliza. Kuna mtu analala humu?"

Winnie aliitazama nyumba yake, kuta zilizopakwa rangi kila kiangazi, pipa la taka mahali pake, dirisha la nyuma ambalo mpaka leo hakuna aliyelifunga. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ameingia kufagia.

"Yupo," alisema. "Ingia kwanza, mvua inakuja. Utaandikia ndani."